Mguu Uliokumbuka Sukari

Kama umeambiwa kwamba huenda mguu wako ukakatwa, kaa kitako tuzungumze. Mimi niliambiwa Jumatano moja asubuhi, nimekaa kwenye benchi la kliniki ya sukari hapa Songea, kiazi kitamu mkononi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kukimalizia kile kiazi. Haukuwa ujasiri. Tulikuwa tumepimwa bila kula, nilikuwa na njaa, na lile neno lilikuwa bado halijaniingia. Liliniingia nilipokuwa najifuta mikono, ndipo nikalia mpaka mtandio ukalowa.

Jina langu ni Skolastika, ila mtaani wananiita Mama Neema. Ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, magauni ya vitenge na mashati ya wanakwaya. Cherehani changu ni cha kukanyaga, kwa hiyo mguu wangu wa kulia ndio injini ya kazi yote. Mume wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na pamoja na miaka yote hii ya ndoa bado namwita Mwalimu. Ni mtu wa maneno machache. Kwetu mimi ndiye nasema kwa niaba ya nyumba nzima.

Sukari ilinianza zamani, binti yetu Neema akiwa kidato cha pili. Sitaficha, miaka ya mwanzo niliichezea. Chai yangu ilikuwa ya vijiko vitatu, na vidonge nilivimeza pale nilipokumbuka. Siku tatu kabla ya kliniki nilikuwa mtakatifu: mboga za majani, maji, vidonge kwa saa. Nikipimwa, namba inatoka nzuri, nasifiwa, narudi nyumbani na kumwambia Mwalimu achemshe maji ya chai. Nilijiona mjanja kuliko hospitali nzima.

Aliyenikomesha ni Neema. Siku moja alikuja likizo, akamimina vidonge vilivyobaki kwenye kopo langu, akavihesabu mbele yangu, akavirudisha. Kesho yake akapanda basi bila kuniaga. Mtoto yule alikuwa hajawahi kuondoka bila kuniaga. Kuanzia siku hiyo nikafuata masharti kwelikweli, miaka miwili mfululizo, mpaka Sista Zuhura, muuguzi wa kliniki yetu, akawa ananionyesha kwa wagonjwa wapya kama mfano. Nikajiona nimemaliza deni langu na sukari.

Sasa sikiliza kosa langu, maana ni kosa la watu wa huku kwetu.

Mwezi wa sita Songea ni baridi. Kila mtu analalamika miguu, kila mtu anatafuta moto. Mwaka ule miguu yangu ilikuwa baridi kuliko ya watu wote, hasa wa kulia, na nikipanda kilima kutoka sokoni misuli ya shavu la mguu inaniuma mpaka nisimame nijifanye naangalia vitenge. Nikasema ni baridi. Maumivu yalikuwepo tangu mwezi wa tatu, kabla ya baridi, lakini mimi niliendelea kusema ni baridi tu.

Nikaenda Namtumbo kumsaidia kaka yangu Fidelis, anayelima tumbaku. Msimu ulikuwa ukingoni na bani lake la mwisho lilikuwa linawaka. Bani ni kile kibanda kirefu cha udongo cha kukaushia majani ya tumbaku, na msimu wa baridi watu wote hujikusanya kwenye mdomo wa tanuri lake. Hapo ndipo mahindi huchomwa, habari hupashwa na mashemeji husengenywa. Nikavuta kigoda, nikanyoosha miguu kuelekea motoni, nikaanza kumsimulia Fidelis habari za harusi moja ya mjini iliyovunjika kwa sababu ya sare. Hadithi ilikuwa tamu. Katikati yake nikasikia harufu ya mpira unaoungua.

"Nani ameweka kiatu motoni?" nikawafokea watoto wa Fidelis. "Mnataka kumharibia baba yenu tumbaku?"

Watoto wakaangalia miguu yangu. Mkubwa wao akasema taratibu, "Shangazi, ni ndala yako."

Tulicheka. Nataka ujue kwamba tulicheka, mimi zaidi yao. Ndala ilikuwa imeyeyuka upande wa kidole cha mwisho na kunigandia. Fidelis alipoibandua, ngozi ikatoka nayo, naye akaniangalia usoni akisubiri nipige kelele. Sikusikia chochote. Hapo kicheko kikakata, na nikaona kaka yangu ameanza kuogopa.

Nilimwapisha asimwambie mtu. Nikarudi mjini na soksi. Mwezi wa sita Songea, nani atakuuliza kwa nini umevaa soksi? Nikapaka asali, nikafunga kitambaa safi, nikaendelea kukanyaga cherehani maana sare za kipaimara zilikuwa zinasubiriwa. Wiki mbili nzima. Mwalimu hakuona kitu, lakini pua yake ilifanya kazi. Alasiri moja alivuta kigoda, akakaa mbele yangu, akanivua soksi mwenyewe. Akaangalia kwa muda mrefu.

"Tunaenda hospitali," akasema.

"Kesho asubuhi, Mwalimu. Nimalizie hizi kola."

"Sasa hivi, Skolastika."

Alikuwa hajaniita Skolastika tangu siku ya ndoa yetu. Nikasimama.

Walisafisha kidonda, wakanianzishia dawa, wakaniambia nirudi Jumatano kwa daktari wa kliniki. Alikuwa daktari mpya, binti mdogo sawa na Neema wangu, na kabla ya kunigusa alinisalimia shikamoo. Alikuwa na kimashine cha kusikilizia damu. Unapakwa kitu kama mafuta ya kuteleza, kinawekwa juu ya mguu, na damu yako inasikika kwenye spika. Mguu wa kushoto ulivuma fshuu, fshuu. Wa kulia ulinong'ona. Binti alihamisha kile kimashine mara nne, akizidi kuinamisha kichwa, na mimi nikawa nabana pumzi ili nisiusumbue mguu.

Akanituma nje nikale. Baadaye akatoka mwenyewe, akakaa pembeni yangu pale kwenye benchi. Akasema mishipa ya damu ya mguu huu imekuwa myembamba, damu haishuki ya kutosha. Vidole viwili vya mwisho vimekufa, ni lazima vitolewe. Mguu wenyewe tutausubiri kwa miezi, kidonda kikikubali kufunga, utabaki. Kikikataa, huenda ukakatwa chini ya goti. Hapo ndipo nilipomalizia kiazi.

Nilipomaliza kulia nikakasirika. "Daktari, miaka miwili sijagusa sukari! Muulize Sista Zuhura. Wenzangu wanakula keki hapa, miguu yao mizima. Mimi niliyetii ndiye nakatwa?"

Angeweza kunipa maneno ya kubembeleza. Badala yake alinieleza, na nitakueleza kama nilivyoelewa, maana mimi ni fundi cherehani. Alisema kila chembe ya mwili ina kitabu cha maelekezo, ndivyo vinasaba, tulivyorithi kwa wazazi. Sukari haikufuta hata herufi moja ya kitabu changu. Ilichofanya ni kufungua kurasa zilizopaswa kufungwa na kufunga zilizopaswa kusomwa. Ndani ya mishipa ya damu, kurasa zilizobaki wazi ni zile zinazoamuru uvimbe na kuziba. Na baadhi ya kurasa hizo hubaki wazi miaka mingi baada ya sukari kushuka. Mshipa unaendelea kusoma habari za zamani.

Nikamwelewa, tena vizuri, kwa sababu ya bani. Moto wa tumbaku huzimwa mwezi wa sita au wa saba, lakini ingia mwezi wa kumi na moja, ukuta bado unanuka moshi.

"Kumbe mishipa yangu ina kinyongo," nikasema.

Yule binti akacheka, akajiziba mdomo, akacheka tena. "Ina kumbukumbu, mama. Lakini haikumbuki mabaya tu. Miaka yako miwili ya kutii nayo imeandikwa humo. Ndiyo maana nimesema huenda. Sikusema lazima."

Nikamuuliza kama kuna dawa ya kuzifunga hizo kurasa. Akasema wataalamu bado wanaitafuta, na hatanidanganya. Tulicho nacho ni sukari iwe chini, presha iwe chini, vidonge vya kupunguza mafuta kwenye damu na vya kuzuia damu isigande, na kidonda kilindwe kama yai. Nikaondoka na lile neno lake, huenda. Usiku na mchana nilikaa nalo.

Vidole vilitolewa wiki hiyo. Sikuviaga. Nilipoamka nikaona bandeji nene na Mwalimu amekaa kando na daftari la mistari. Alikuwa amelipigia safu: tarehe, sukari ya asubuhi, rangi ya kidonda, harufu, joto la mguu. Tangu siku ile hadi leo, kila asubuhi mume wangu anatoka uani na beseni la maji ya vuguvugu aliyoyapima kwa kiwiko, anapiga magoti mbele yangu, anaosha miguu yote miwili, anakausha katikati ya kila kidole, anakagua, anaandika. Anakagua na nyayo kwa kioo cha kunyolea. Majirani wa kwanza waliotuona walisimama getini mdomo wazi. Mzee mmoja alimuuliza kama nimempa dawa. Mwalimu akamjibu bila kuinua kichwa, "Amenipa kazi. Kustaafu kulikuwa kunaniua."

Wifi yangu Anjelina, dada wa Mwalimu, yeye hakuona cha kucheka. Alikuja kutoka Maposeni kunitazama, akakuta kaka yake amepiga magoti, akaanza kumwambia kwa Kingoni, haraka haraka lakini kwa sauti, ili na mimi nisikie vizuri. Alisema ukoo wetu sisi una sukari. Tumeiingiza nyumbani kwao. Sasa watoto wote watairithi, na kaka yake amegeuzwa mtumishi. Yalinichoma, tena mahali ambapo nilikuwa na hisia zote. Mama yangu alikufa kwa sukari na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajiuliza hayo hayo.

Mwalimu alifuta mikono, akasimama wima kama yuko mbele ya darasa la nne. Ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote katika ndoa yetu. Alieleza kitabu, alieleza kurasa, alieleza kwamba kurithi kitabu si kurithi hukumu, na kwamba jinsi unavyoishi ndiko kunakoamua kurasa nyingi zisomwe au zisisomwe. Kisha akauliza, "Anjelina, wewe umeshapima sukari?"

Hakuwa amepima. Alhamisi iliyofuata alirudi na kikapu cha majani ya maboga na kunde mbichi, akatangaza kwamba amepima na yuko salama, akamsukuma kaka yake pembeni na kushika beseni yeye. Maji aliyaweka ya baridi, mpaka akafundishwa. Lakini mikono yake ilikuwa laini kuliko ya Mwalimu, na nilimwambia hivyo mbele ya Mwalimu makusudi.

Mwezi wa nane na wa tisa ilikuwa ya bandeji, siku moja kliniki, siku moja nyumbani. Usidhani ilikuwa huzuni. Benchi la kliniki lina raha zake ukilizoea. Tunafika bila kula, kila mtu kanuna. Ukishachomwa kidole tu, mahotipoti yanafunguliwa, mihogo inatembea, maboga yanatembea, mtu anakuuliza namba yako kama vile anauliza matokeo ya mpira. Kulikuwa na mzee wa Kiyao kutoka Namasakata, kule Tunduru, mkulima wa korosho, aliyeletwa na wanawe mjini. Yeye mguu wa kushoto alishakatwa. Nilimwogopa mwanzoni, nikawa sitaki kukaa karibu naye. Akanitania mbele ya benchi zima: "Fundi, njoo ukae hapa. Mimi siambukizi, na kiatu cha kushoto nitakuachia urithi." Nikaenda nikakaa. Alinipa korosho tatu, akazihesabu mwenyewe ili nisizidishe, akanionyesha jinsi anavyocheza na wajukuu akiwa kwenye kiti. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mwalimu kwamba ukikatwa, bado utacheka. Nilihitaji kulijua hilo. Lakini mguu wangu bado niliutaka.

Shida kubwa ilikuwa cherehani. Nilikatazwa kukanyaga, na mguu wa kushoto peke yake haukuwahi kujifunza, ulikuwa unarudisha gurudumu nyuma na kukata nyuzi. Vitambaa vya watu vilijaa kitandani kwa Neema. Asubuhi moja Mwalimu akaleta kigoda, akakaa ubavuni mwa cherehani, akatia mguu wake kwenye kikanyagio. "Elekeza kitambaa," akasema. "Mimi nitaendesha."

Jamani. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akiwaambia watoto wasikimbie, mguuni hakuwa na breki hata kidogo. Gauni la kwanza lilipata mkono uliofika hadi kiunoni.

"Simama! Mwalimu, simama!"

"Nimesimama."

"Wewe umesimama, sindano haijasimama!"

Wateja walianza kuja kutuangalia hata bila kitambaa. Mke wa jirani alikuja na kiti chake. Baada ya majuma matatu tulipata mwendo: nikisema "pole" anapunguza, nikisema "haya" anaongeza, kwenye pindo nagonga meza mara moja, kwenye kona mara mbili. Tulishona hivyo sare za kwaya nzima. Mpaka leo nikiiona ile kwaya imesimama naweza kukuonyesha ni shati gani tulilishona tukiwa tumenuniana.

Kisha mvua zikaanza na mambo yakaharibika. Homa ilinipanda, kidonda kikabadilika rangi, na daftari la Mwalimu likaonyesha siku nne mfululizo mguu ni wa moto. Nikalazwa. Vidonge vya sukari vikawekwa kando, nikaanza sindano za insulini. Daktari alikuja na daktari wa upasuaji, wakasimama miguuni pangu wakisema kwa sauti ya chini. Daktari wangu akasema watanipa wiki mbili. Kama hakuna nyama mpya, watakata.

Nilimpigia Neema simu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba alikuwa na haki siku ile ya vidonge, kwamba miaka niliyoichezea ndiyo inayonidai sasa. Sikuweza kumaliza. Akasema, "Mama, mimi nikiwa kidato cha pili ulikuwa unakanyaga cherehani mpaka saa nne usiku ili nisome. Hiyo nayo ninaikumbuka." Nikalia tena, ila kilio kile kilinipumzisha.

Siku ya kumi na moja Sista Zuhura alifungua bandeji, akainama, akaniita nijiinue niangalie. Chini kabisa ya shimo kulikuwa na kitu chekundu chenye vipunje vidogo. "Hiyo ni nyama mpya, Mama Neema," akasema. "Alhamdulillah. Sijasema umepona. Nimesema imeanza." Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake. Akatoa daftari, akaandika kitu, akalikunja. Nilikuja kusoma baadaye. Kwenye safu ya rangi aliandika: nzuri sana.

Kutoka hapo ni hadithi ya milimita. Krismasi nilikula nyumbani mguu ukiwa juu ya mto. Mahindi yalipofika magotini, kidonda kilikuwa saizi ya kifungo cha koti. Mahindi yalipotoa mbelewele, kifungo cha shati. Kimashine kilipowekwa tena, mguu ulivuma, si kama wa kushoto, lakini ulivuma wazi, na daktari akaongeza sauti ili Mwalimu naye asikie. Nilianza kutembea kidogo kidogo kwenye kiatu kipana. Maumivu ya msuli yakija nasimama, yakipita naendelea, kama nilivyofundishwa. Ilibidi nivizoee vidole vitatu, na wewe uwe mvumilivu na mwili wako mpya, maana nao ndiyo kwanza unajifunza kusimama.

Mahindi mabichi yalipoanza kuuzwa barabarani, tulikwenda kwa bandeji ya Jumatano kama kawaida. Sista Zuhura alifungua bandeji. Akabonyeza kwa kidole chenye glavu. Akamwita daktari. Daktari akabonyeza. Ngozi ilikuwa imekutana, nyembamba na ya waridi, pande zote. Hapakuwa na cha kufunga bandeji.

"Nenda nyumbani, mama," akasema yule binti, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Mguu ni wako."

Nilitoka nikaingia ukumbi wa kusubiria. Mwalimu alikuwa amesimama, daftari kifuani. Nikamwambia. Mume wangu, mtu wa maneno machache, akaligeukia lile benchi lote la watu wasio na kifungua kinywa akapaza sauti: "Ndugu zangu! Mguu wa mke wangu umepona!"

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Wa pili akadaka. Mara ukumbi mzima ukawaka, mzee wa Namasakata akipiga magongo yake sakafuni, Sista Zuhura mwenyewe akiwa mlangoni na glavu mkononi anapiga vigelegele kuliko wote. Mlinzi akaja mbio kutoka getini, kofia mkononi, amechanganyikiwa, maana vigelegele hospitalini anavijua vya wodi moja tu.

"Nani kajifungua huku?" akauliza.

"Mke wangu," akasema Mwalimu.

"Hongera mzee! Mtoto gani?"

"Mguu," Mwalimu akamjibu. "Wa kulia. Mama na mguu wanaendelea vizuri."